Kasumba na Ndoto: Maisha ya Thomas De Quincey (1785–1859)

Utangulizi

Mwenye kovu usidhani kapoa. Wahenga walioiacha methali hii walimlenga mtu ambaye jeraha lake limefunga kwa juu ilhali chini bado linauma. Katika historia ya fasihi ya Uingereza, ni waandishi wachache ambao maisha yao yanaithibitisha methali hii kama Thomas De Quincey, mtu aliyemeza dawa ya kutuliza maumivu ya uso akiwa na umri wa miaka 19, na ambaye hakuweza kuachana nayo kabisa hadi alipofariki akiwa na miaka 74. Dawa hiyo ilikuwa afyuni, ambayo kwa jina jingine la Kiswahili huitwa kasumba. Ilimwondolea maumivu ya mwili, lakini baada ya miaka kadhaa ilimfungulia mlango wa ndoto za ajabu, na mlango huo hakuweza kuufunga tena.

Aghalabu wanafunzi wa fasihi hukutana na jina la De Quincey katika mijadala kuhusu Ulimbwende, ambako huelezwa kwa ufupi kuwa mla afyuni aliyeota na kuandika. Maelezo hayo yana kasoro. Humfanya msomaji aamini kwamba dawa ndiyo iliyotunga na mwandishi akawa karani wake tu. Maisha ya De Quincey yakifuatwa tangu utotoni, yanadhihirisha jambo jingine: takriban kila kilichomjia usingizini alikuwa amekibeba moyoni akiwa macho, tena kwa miaka mingi.

Utoto na msiba wa kwanza

De Quincey alizaliwa tarehe 15 Agosti 1785 mjini Manchester, mji uliokuwa ukipanuka kwa kasi kutokana na biashara ya pamba. Babake alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa aliyejaliwa mali, na mamake, Elizabeth, alikuwa mwanamke mcha Mungu, mwenye nidhamu kali na asiyependa kudekeza watoto. Upendo ambao mtoto huyu aliukosa kwa mamake aliupata kwa dadake aliyeitwa pia Elizabeth, aliyemzidi umri kwa takriban miaka mitatu.

Mwaka 1792 Elizabeth aliugua akafariki, akiwa na umri wa miaka tisa. Thomas alikuwa na miaka sita. Siku iliyofuata, adhuhuri, watu wa nyumbani wakiwa wametawanyika, alipanda ngazi kimyakimya akaingia katika chumba alimolazwa maiti. Dirisha lilikuwa wazi na jua la majira ya joto lilikuwa limejaa chumbani. Alisimama pale akautazama uso wa dadake, akasikia upepo ukivuma nje, na akili yake ikachukuliwa mbali kiasi kwamba hakujua ni muda gani uliopita. Aliposikia nyayo za mtu kwenye ngazi, alimbusu maiti akatoka kwa kunyata kama mwizi. Baadaye madaktari walikuja kuuchunguza ubongo wa marehemu. Thomas aliporudi tena mlangoni, alikuta chumba kimefungwa na ufunguo umeondolewa. Hakumwona dadake tena.

Mwaka uliofuata, 1793, babake naye alifariki kwa kifua kikuu. Mtoto hakumjua vyema, kwani mzee huyo aliishi ng'ambo kwa muda mrefu akijaribu kuiponya afya yake katika nchi zenye joto. Hivyo basi, kabla ya kutimiza miaka minane, De Quincey alikuwa ameshuhudia mauti yakiingia nyumbani kwao mara kadhaa. Chumba chenye dirisha wazi, jua kali na mwili wa mtoto aliyelala kimya ni taswira atakayoirudia katika maandishi yake hadi uzeeni.

Mitaa ya London

Shuleni, De Quincey aling'ara hasa katika Kigiriki. Inasemekana kwamba alipokuwa na umri wa miaka 15 aliweza kukizungumza kwa ufasaha, na mwalimu wake mmoja alijivunia kwamba kijana huyo angeweza kuuhutubia umati wa Waathene wa kale. Hata hivyo, alipopelekwa katika shule ya sekondari ya Manchester, alinyong'onyea. Aliomba aruhusiwe kwenda chuo kikuu, walezi wake wakakataa. Julai 1802, kabla ya kutimiza miaka 17, alitoroka. Siku ya kutoroka, mtumishi aliyekuwa akimbebea sanduku la vitabu aliteleza, na sanduku likaporomoka ngazini kwa kishindo hadi mlangoni pa mwalimu mkuu. Kwa bahati njema, mwalimu hakuamka.

Alizunguka Wales kwa miguu kwa miezi kadhaa, kisha akaelekea London akiwa na nia ya kukopa pesa kwa kuuweka rehani urithi wake. Wakopeshaji walimzungusha. Majira ya baridi ya mwaka 1802 kuingia 1803 yalimkuta akilala sakafuni katika nyumba kuukuu mtaani Soho, pamoja na msichana mdogo wa miaka kama kumi ambaye alikuwa na njaa na aliyeogopa mizimu. Mto wao ulikuwa furushi la makaratasi ya wakili na blanketi lao vazi kuukuu la mpanda farasi. De Quincey alikula mabaki ya kifungua kinywa cha mwenye nyumba, na mara nyingine hakula kabisa.

Mchana alitembea barabarani, na huko ndiko alikokutana na Ann. Ann alikuwa msichana ambaye hakuwa ametimiza miaka 16, aliyelazimika kuuza mwili wake katika barabara ya Oxford Street. Wawili hawa hawakuwa na chochote cha kupeana ila usuhuba wa watu waliotupwa na dunia. Usiku mmoja De Quincey alizirai kwa njaa kwenye kizingiti cha nyumba moja katika uwanja wa Soho Square. Ann alikimbia, akarudi na glasi ya mvinyo iliyotiwa viungo, aliyoinunua kwa senti zake mwenyewe. De Quincey aliamini kwamba glasi hiyo iliyaokoa maisha yake.

Baadaye alisafiri hadi Eton kutafuta mtu wa kumdhamini kwa wakopeshaji. Alikubaliana na Ann kwamba atakaporudi wakutane saa kumi na mbili jioni mahali walipopafahamu, mwishoni mwa barabara ya Great Titchfield. Aliporudi, Ann hakuwapo. Alimngoja siku baada ya siku, akauliza majirani, akatazama nyuso za wapita njia bila mafanikio. Wakati wote wa usuhuba wao hakuwa amekumbuka kumwuliza jina la ukoo. Kosa hilo dogo lilimfungia njia zote za kumtafuta, na deni la ile glasi ya mvinyo halikulipwa kamwe.

Jino na dawa

Mwaka 1803 De Quincey alipatana na jamaa zake, na mwishoni mwa mwaka huo akajiunga na Chuo cha Worcester katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka uliofuata, msimu wa vuli wa 1804, alikuwa London alipopatwa na maumivu ya jino. Alikuwa na mazoea ya kuosha kichwa kwa maji baridi kila siku. Akidhani kwamba maumivu yametokana na kuyaacha mazoea hayo, aliruka kutoka kitandani usiku, akatumbukiza kichwa kwenye beseni la maji, kisha akalala na nywele mbichi. Aliamka na maumivu makali ya kichwa na uso ambayo yalimtesa kwa takriban siku 20.

Siku ya ishirini na moja, Jumapili yenye mvua, alitoka nje kuyakimbia mateso yake. Alikutana na mwanachuo mwenzake aliyemshauri ajaribu afyuni. Katika barabara ileile ya Oxford Street alikotembea na Ann, aliingia katika duka la dawa, akanunua dawa hiyo kwa bei ya chini, akarudi chumbani kwake na kuimeza. Muda haukupita maumivu yalitoweka. Lakini kutoweka kwa maumivu kulikuwa jambo dogo mno likilinganishwa na raha iliyofuata. Aliona kana kwamba furaha, ambayo wanafalsafa wamebishana juu yake kwa karne nyingi, sasa inaweza kununuliwa kwa senti chache na kubebwa mfukoni.

Ni muhimu kukumbuka kwamba wakati huo hapakuwa na aibu wala sheria iliyozuia tendo hilo. Afyuni ni utomvu wa mmea wa mpopi. Uingereza iliinunua kwa wingi kutoka Uturuki, na ilipoyeyushwa katika pombe iliitwa laudanamu. Iliuzwa na wauza dawa na hata wenye maduka ya kawaida, bila cheti cha daktari, na watoto wachanga walipewa dawa za maji zenye afyuni ili walale. De Quincey mwenyewe alielezwa kwamba wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Manchester waliinunua Jumamosi alasiri kwa kuwa mishahara yao haikutosha kununua pombe. Sheria ya kudhibiti uuzaji wake haikupitishwa nchini Uingereza hadi mwaka 1868. Isitoshe, katika miaka hiyohiyo ambapo De Quincey aliionja afyuni, mwuza dawa kijana wa Ujerumani, Friedrich Sertürner, alikuwa akiitenga kemikali inayoipa nguvu yake. Aliiita kwa jina linalotokana na Morpheus, mungu wa ndoto wa Wayunani. Kemikali hiyo ndiyo mofini, ambayo mpaka leo hutumiwa hospitalini kuwapunguzia mateso wagonjwa wa saratani na waliofanyiwa upasuaji.

Kwa takriban miaka minane De Quincey aliitumia afyuni kwa nafasi, yapata mara moja kila wiki tatu. Aliimeza kisha akaenda kusikiliza opera, au akatembea katika masoko ya Jumamosi usiku na kuwasikiliza maskini wakijadiliana bei ya mkate na vitunguu. Katika kipindi hiki ndoto hazikumsumbua. Aliondoka Oxford mwaka 1808 katikati ya mitihani, bila shahada.

Grasmere na uraibu

De Quincey alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo waliotambua ukuu wa washairi William Wordsworth na Samuel Taylor Coleridge. Mwaka 1807 alikutana nao wote wawili, na akampa Coleridge pauni 300 kwa siri kupitia mtu mwingine. Coleridge alikuwa tayari mtumwa wa laudanamu aliyoianza kwa sababu ya maradhi. Mwaka 1809 De Quincey alihamia kijijini Grasmere, katika nyumba ambamo Wordsworth alikuwa ameishi, akaijaza vitabu.

Mnamo Juni 1812, Catherine, binti wa Wordsworth aliyekuwa na umri wa miaka mitatu, alifariki ghafla. De Quincey alikuwa amempenda mno mtoto huyo. Kwa zaidi ya miezi miwili alikwenda usiku kujilaza juu ya kaburi lake. Ni dhahiri kwamba kifo hicho kilikitonesha kidonda cha Elizabeth. Mwaka uliofuata, 1813, maumivu makali ya tumbo yalimshika, naye akayahusisha na njaa aliyoipata London. Ili kuyatuliza, alianza kunywa laudanamu kila siku. Kipimo kilipanda hadi matone 8,000 kwa siku, ilhali matone 25 hivi yalimtosha mgonjwa wa kawaida.

Februari 1817 alimwoa Margaret Simpson, binti wa mkulima wa jirani, ambaye tayari walikuwa wamejaliwa mtoto mmoja naye. Watoto wao walifikia wanane. Margaret ndiye aliyemwuguza katika miaka migumu iliyofuata, akakaa naye usiku, akaandika mahesabu na kuwalipa wenye kudai. Katika simulizi la ndoto za De Quincey, mke huyu hutajwa kwa nadra, ila bila yeye pengine pasingekuwa na mtu wa kusimulia.

Bahari ya nyuso

Mateso ya usingizini yalianza katikati ya mwaka 1817. Kwanza, De Quincey alipolala gizani aliona misafara ikipita mbele ya macho yake: maandamano ya watu wa kale, majumba ya kifalme, mazishi yasiyokwisha. Chochote alichokifikiria gizani kilihamia katika ndoto zake. Kila usiku alihisi kwamba anateremka katika mashimo yasiyo na mwisho, na hata alipoamka hakuhisi kwamba amepanda tena. Nafasi ilipanuka mpaka jicho lisiweze kuihimili. Muda nao ulirefuka, akahisi ameishi miaka 70 au 100 kwa usiku mmoja.

Fauka ya hayo, mambo madogo kabisa ya utotoni, ambayo akiwa macho asingeweza kuyakumbuka, yalimrudia kwa ukamilifu. Kutokana na tajriba hiyo alifikia hitimisho kwamba akili haisahau kitu. Kumbukumbu hufanana na nyota ambazo huonekana kutoweka alfajiri, kumbe zimefunikwa tu na mwanga wa mchana na zinasubiri usiku ili zionekane tena. Hili ni wazo zito, na alilitoa miongo mingi kabla ya Sigmund Freud kuandika juu ya ndoto.

Ndoto zilibadilika kadiri miezi ilivyosonga. Mwanzoni aliota majengo: kumbi ndani ya kumbi na ngazi zinazopanda bila kufika. Taswira hii aliifananisha na michoro ya magereza ya Mwitaliano Piranesi, ambayo yeye hakuwahi kuiona bali alisimuliwa na Coleridge. Baadaye majengo yaligeuka maziwa, na maziwa yakageuka bahari. Kisha juu ya bahari hiyo zilianza kutokea nyuso za binadamu, maelfu kwa maelfu, zikielekea mbinguni, zikisihi, zikilia, zikipanda na kushuka na mawimbi. De Quincey alikisia chanzo chake: miaka aliyopita katika umati wa London akichungulia uso wa kila mpita njia ili aone kama ni Ann.

Ndoto iliyomliza zaidi ilihusu asubuhi ya Pasaka. Aliota amesimama mlangoni kwake Grasmere, akiyatazama makaburi ya kijiji na kaburi la mtoto aliyempenda. Kisha mandhari ilibadilika ikawa nchi ya mashariki, yenye mji mkubwa kwa mbali. Chini ya mitende aliketi mwanamke, naye alikuwa Ann. Hakuwa amezeeka. Ghafla ukungu ulishuka, na papo hapo wakawa wanatembea tena chini ya taa za Oxford Street, kama walivyotembea walipokuwa watoto. Katika ndoto hii makovu yote yamekutana: mtoto aliyekufa, rafiki aliyepotea, na barabara iliyompa usuhuba na afyuni.

Wataalamu wa usingizi wa siku hizi wana maelezo yao. Dawa za jamii ya afyuni hupunguza awamu ya usingizi ambamo ndoto nyingi zenye nguvu huotwa, na mtumiaji anapopunguza dawa, awamu hiyo hurejea kwa kishindo. De Quincey alikuwa akipandisha na kushusha kipimo mara kwa mara, na kwa hiyo haishangazi kwamba usiku wake ulichafuka. Lakini maelezo hayo yanahusu nguvu ya ndoto. Hayasemi kwa nini uso uliotokea ulikuwa wa Ann.

Kasumba mbili

Hapa ndipo lugha ya Kiswahili inapoweza kumsaidia mhakiki kwa namna ambayo Kiingereza hakiwezi. Neno kasumba lina maana mbili. Maana ya kwanza ni afyuni. Maana ya pili, iliyotokana na ya kwanza kwa njia ya sitiari, ni fikra mbaya iliyopandwa akilini mwa mtu ikamkaa kiasi kwamba haihoji tena. Ndiyo maana watu husema kasumba ya kikoloni. De Quincey alikuwa na kasumba zote mbili.

Alisimulia kwamba siku moja huko Grasmere mgeni kutoka Malaya alibisha mlangoni kwake. Hawakuelewana kwa lugha yoyote, na De Quincey akamhutubia kwa beti za Kigiriki cha kale, akiamini kwamba angalau lugha hiyo iko karibu na mashariki. Alipomuaga alimpa kipande kikubwa cha afyuni, na kwa mshangao wake mgeni alikigawa mara tatu akakimeza chote kwa mkupuo. De Quincey alihangaika kwa siku kadhaa akihofia kusikia habari za maiti njiani, ila hakusikia lolote. Wahakiki wengine wametilia shaka kisa hiki. Liwe liwalo, mwaka 1818 mgeni huyo alianza kurudi ndotoni, akimkokota usiku hadi usiku katika Asia ya kutisha. De Quincey aliota ametupwa katika mahekalu, amezikwa ndani ya majeneza ya mawe pamoja na maiti za Misri katikati ya piramidi, amebusiwa na mamba. Usiku mmoja mamba walimzingira mpaka akaamka adhuhuri, akawakuta watoto wake wamesimama kando ya kitanda, wameshikana mikono, wamekuja kumwonyesha viatu vyao vya rangi na nguo mpya kabla ya kwenda matembezini. Mabadiliko kutoka kwa mamba hadi nyuso za watoto wasio na hatia yalimfanya abubujikwe na machozi.

Mamba hao hawakutoka katika chupa ya laudanamu. De Quincey hakuwahi kufika Asia. Aliiogopa na kuidharau kutokana na vitabu na mazungumzo ya taifa lililokuwa likiitawala India, na dawa iliikuza hofu hiyo mpaka ikawa na meno. La kusikitisha ni kwamba alipoamka hakuiacha ndotoni. Wakati huo kampuni ya Waingereza ya East India ilisimamia kilimo cha mpopi huko Bengal, na afyuni iliyovunwa iliingizwa China kinyume cha amri ya watawala wa nchi hiyo. Uingereza ilipoingia vitani na China kati ya 1839 na 1842 kwa sababu ya biashara hiyo, De Quincey aliandika kuunga mkono nchi yake. Horace, mwanawe aliyekuwa afisa katika jeshi la Uingereza, alitumwa katika vita hivyo, akafariki huko China mwaka 1842 kwa homa. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba iliyotawaliwa na afyuni alikufa katika vita vya afyuni. Hata hivyo, mwaka 1857, vita vya pili vilipokuwa vikiendelea, babake aliandika tena dhidi ya Wachina. Mtu aliyeweza kuzichambua ndoto zake kwa makini kiasi kile hakuweza kuitambua kasumba hii ya pili.

Madeni na makaburi

Mwaka 1821, akiwa amezama katika madeni, De Quincey alikwenda London akayaandika masaibu yake. Simulizi hilo lilichapishwa bila jina la mwandishi katika jarida la London Magazine, toleo la Septemba na la Oktoba, na mwaka 1822 likatoka kama kitabu, Confessions of an English Opium-Eater, yaani Maungamo ya Mwingereza Mla Afyuni. Lilipata umaarufu mara moja. Mwishoni mwake alidai kwamba amekaribia kabisa kujinasua. Katika kiambatisho alichokiongeza mwaka 1822 alilazimika kukiri kwamba vita havijaisha, na havikuisha maishani mwake.

Baadaye alihamia Edinburgh na kuishi kwa kuandika makala katika majarida, zikiwemo tahakiki zenye kejeli. Alihukumiwa mara kadhaa kwa ajili ya madeni, na akajihifadhi katika eneo la Holyrood, ambako kwa mujibu wa mila ya kale mdaiwa hangeweza kukamatwa isipokuwa akitoka nje ya mipaka. Alikodi chumba, akakijaza makaratasi mpaka pasibaki nafasi ya kukaa, akakifunga na kukodi kingine. Binti zake walizoea kumwambia kwamba nywele zake zimeshika moto wa mshumaa, naye aliuzima kwa mkono na kuendelea kusoma.

Misiba nayo iliandamana. Mwanawe Julius alifariki mwaka 1833, William mwaka 1834, na mwaka 1837 akafariki Margaret, mke aliyemvumilia kwa miaka 20. Mwaka 1844 alizama tena katika afyuni na kupambana kuipunguza. Mwaka 1845 alianza kuchapisha insha ziitwazo Suspiria de Profundis, na humo ndimo alimosimulia kwa kirefu kifo cha Elizabeth. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba alipotaka kueleza chanzo cha ndoto zake za afyuni, hakuanza na duka la dawa la mwaka 1804. Alianza na chumba cha mwaka 1792.

Hitimisho

Kutokana na maisha haya, mwanafunzi wa fasihi anaweza kupata funzo juu ya uhusiano wa kilevi na sanaa. Maelfu ya wafanyakazi wa Manchester walimeza afyuni ileile, na wengi wao bila shaka waliota. De Quincey alikuwa na Kigiriki, na vitabu, na uzoefu wa miaka mingi wa kuzichunguza hisia zake. Fauka ya hayo, alikuwa na makovu. Afyuni haikumpa kimojawapo cha vitu hivyo. Ilimnyang'anya usingizi, miaka na mali, na mzigo wake ukawaelemea mke na watoto. Wala haifai kumlaumu kwa kutafuta nafuu. Alikuwa kijana mwenye maumivu, akanunua dawa iliyouzwa kwa kila mtu, katika enzi ambayo hakuna aliyemwonya.

De Quincey alifariki mjini Edinburgh tarehe 8 Desemba 1859, akazikwa katika makaburi ya kanisa la St Cuthbert kando ya mkewe. Inasimuliwa kwamba katika saa zake za mwisho alizungumza kama mtu aliye usingizini. Alimtaja babake, ambaye hakumfahamu vyema. Kisha, muda mfupi kabla ya kukata roho, aliinyosha mikono yake juu kama mtu aliyemwona mgeni ambaye hakumtarajia, akamwita dadake mara tatu. Ilikuwa imepita miaka 67 tangu mlango wa kile chumba ulipofungwa.